Ruthu Ina Sura Nne Tu

Jumatatu, 13 Februari

Siku saba zimebaki. Jumatatu ijayo tunaingia Mfungo Mkuu. Siku hamsini na tano bila nyama, bila maziwa, bila yai, na bila posa. Hilo la mwisho ndilo linaloniua. Maharage nayaweza. Lakini Abuna Bisada, kasisi wetu, akishafunga daftari lake la posa Jumapili ya kuaga nyama, halifungui tena mpaka Pasaka. Ukimtajia pete katikati ya mfungo anakutazama kana kwamba umeingia kanisani na bata wa kuchoma.

Kwa hiyo ni wiki hii. Lazima nimpose Insaf wiki hii!

Nina miaka arobaini na minne. Nina duka la miwani na saa hapa Samalut, vyumba viwili juu yake, na vikombe sita vya chai. Vitano havijaguswa tangu mama afariki. Jana nilijikuta nimeandaa viwili. Nikakaa nikikitazama cha pili mpaka kikapoa. Kisha nikakinywa na hicho, nisionekane mjinga mbele ya kikombe.

Insaf ni mjane wa Munir, mwaka wa sita sasa. Anatunza maktaba ya kanisa, yaani makabati mawili na kiti. Anakaa na mama mkwe wake, Mama Munir, nyumba ya tatu kutoka dukani. Nimeazima vitabu thelathini na kimoja mwaka huu. Sijasoma hata kimoja, lakini kila kimoja kimenipa dakika nne mbele yake wakati anaandika jina langu. Ana namna ya kuandika "Labib" polepole.

Nilimpenda kabla ya Munir. Ukweli uandikwe. Miaka kumi na tisa iliyopita nilifanya kama ninavyofanya siku zote kwenye mambo makubwa: nikafumba macho, nikafungua Biblia, nikashusha kidole. Kikaangukia "Umngoje Bwana." Nikangoja. Munir hakufumba jicho lolote. Alienda kwa baba yake Insaf kule Beni Mazar Alhamisi ile ile. Kwenye harusi nilipewa kazi ya kupanga viti.

Na sasa kuna Nashed, mwalimu wa nyimbo za kanisa. Sauti anayo, siwezi kukataa. Na gari jipya. Tangu wiki mbili hizi ameanza kuazima vitabu! Hakuna mtu Samalut anayeazima vitabu kwa kupenda vitabu.

Leo nimefumba macho. Kidole kimeangukia yule mtumishi wa Ibrahimu kisimani, akimwombea mwana wa bosi wake mke. Msichana atakayempa maji yeye, na kuwanywesha ngamia wake pia, huyo ndiye. Wazi kama mchana! Ngamia sina. Lakini nina gari, na rejeta yake inavuja.

Jumanne, 14 Februari

Mkakati wa Kisima. Saa mbili asubuhi nimelisimamisha gari mbele ya mlango wa Insaf, mvuke unatoka kama jikoni kwa bibi harusi. Nikabisha hodi. Nikaomba maji ya kunywa. Ya kunywa tu! Ya gari ilibidi ayalete mwenyewe bila kuombwa, ndiyo ishara.

Akaleta glasi kwenye sinia. Ukingo wa glasi ulikuwa na maua madogo ya bluu. Nikanywa taratibu sana, nikimpa nafasi. Akalitazama gari. Akaniuliza kwa nini mtu anayefungua saa ndogo kama punje ya dengu anashindwa kuziba tundu la rejeta. Kisha akasikia maziwa yanafurika jikoni, akakimbia.

Nikabaki na glasi. Hapo ndipo akatoka Mama Munir. Miaka sabini na sita, magoti mabovu, ndoo mkononi, anahema.

"Na mnyama wako naye ana kiu, mwanangu," akasema, akaimiminia rejeta maji.

Maneno yale yale! Karibu niangushe glasi. Kwa mujibu wa Maandiko Matakatifu nimechumbiwa na Mama Munir.

Wakanikaribisha ndani. Fitiri, mkate wa matabaka, kwa samli na asali nyeusi ya miwa. Insaf alikuwa amerudi, ameketi mbele yangu, nywele zimeponyoka kidogo upande wa sikio. Niliona mvi tatu ambazo mwaka jana hazikuwapo. Nilitaka kusema jambo. Nikala kipande cha pili. Nilitaka tena kusema. Cha tatu. Kisha mguu wa kiti cha Mama Munir ukalia, nikakitengeneza, na ikawa saa nne.

Jioni nimeenda kwa Abuna kuuliza kama ishara ikimwangukia mtu asiyekusudiwa inaweza kuhamishwa. Akacheka mpaka akashika msalaba wake usimpige kidevu. Akaniambia kama alivyoniambia mara mia, kwamba kila mstari una jirani wa juu na jirani wa chini, na mtu mwenye adabu huwabishia hodi wote. Akauliza kama nimesoma yaliyofuata. Yule mtumishi alipoandaliwa chakula alikataa kula mpaka aseme shida iliyomleta. Wewe umekula vipande vingapi, Labib?

Nikasema kimoja. Nitaungama Jumapili.

Jumatano, 15 Februari

Darasa la Biblia. Mada ya Abuna: ndoa katika Maandiko. Ukumbi umejaa. Wanawake kulia, wanaume kushoto. Nashed amekaa mstari wa mbele, kajipaka marashi, mtu angedhani ni yeye anayeozwa.

Abuna alipoomba mtu aanze, Nashed akasimama. Akauimba! Wake, watiini waume zenu. Kwa sauti ya Ijumaa Kuu, akivuta mwisho wa kila neno, huku jicho liko upande wa kulia. Wazee wakatikisa vichwa. Nikamchukia vibaya.

Insaf akanyanyua mkono. Akamwomba Mwalimu, kwa heshima zote, awasomee mstari unaotangulia. Nashed akatafuta. Akasoma kwa sauti ndogo, bila kuimba, kwamba watu wote wanyenyekeane wao kwa wao. Akamwomba na unaofuata mbele. Akasoma kwamba waume wawapende wake zao hata kujitoa kwa ajili yao. Insaf akashukuru. Akasema hilo la kujitoa naye angependa kulisikia likiimbwa. Upande wa kulia ulicheka kama mvua ya mawe. Nashed akakaa.

Furaha yangu! Na hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Lakini mguu ulishanyanyuka. Nikasimama, nikamtazama yeye tu, nikasema mstari ninaoujua kwa moyo, ule ulioandikwa kwenye kadi zote za harusi: wewe uendako nitakwenda, na wewe ukaapo nitakaa, watu wako watakuwa watu wangu.

Kimya. Kimya kizuri. Nikajua nimepata.

Insaf akaniuliza, kwa upole kabisa, nani alimwambia nani maneno hayo.

Nikasema mke alimwambia mume wake. Kwani nani mwingine?

Upande wa kulia ukaangua tena. Abuna akafunika uso. Kumbe! Ni Ruthu alimwambia mama mkwe wake, Naomi, barabarani, wajane wote wawili. Hamna mwanamume karibu. Waume wote wameshazikwa.

Insaf hakucheka. Alikuwa amemgeukia Mama Munir, aliyekuwa anasinzia na kidevu kifuani, akamvutia shali begani. Wanawake wawili watatu wakaacha kucheka na wao. Binamu yangu akaninong'oneza kwamba siku ya arobaini ya Munir, Mama Munir alimwambia Insaf afunge nguo zake arudi kwa baba yake Beni Mazar, yeye bado kijana. Insaf akazifunga. Kisha akazifungua mbele yake moja moja, akazirudisha kabatini. Jambo la kusikitisha. Halihusiani na posa yangu, lakini nimeliandika.

Mstari bado ni mzuri. Nimerudi nyumbani nikausema tena kwenye chumba kitupu. Wewe ukaapo nitakaa. Chumba hakikujibu. Nikatamani sana kijibu.

Alhamisi, 16 Februari

Mpango mpya. Vitu badala ya maneno. Maneno yana majirani wengi.

Nimechukua saa yangu nzuri ya mezani, ile ya shaba, nikachonga nyuma yake kwa sindano, kazi ya saa tano, macho yanatoka machozi. Mstari nimeuchagua mwenyewe, sikuotea: Bwana na awe mlinzi kati yangu nawe, tutakapokuwa mbali. Nani anaweza kuupinga huo? Una Bwana, una mimi, una yeye, una umbali. Maisha yangu yote yamo!

Nikampelekea maktabani adhuhuri. Akaigeuza. Akasoma. Mkono wake ukafunika mdomo. Nikadhani analia.

Anacheka! Akaniuliza, "Fundi, nimekuibia nini?"

Nikasema hajaniibia kitu. (Uongo. Lakini nilikuwa nimechanganyikiwa.) Akafungua Mwanzo akanionyesha. Ni Labani na Yakobo! Mkwe na mkwe, wamedanganyana miaka ishirini, wamefukuzana jangwani, hawaaminiani hata kwa mbuzi mmoja. Wanarundika mawe mpakani. Maana ya maneno ni kwamba Mungu akutazame, maana mimi nikigeuka tu utanidhulumu. Na hakuna kuvuka mawe haya kuja kwangu kwa ubaya.

Nikasema nitaichonga upya. Akasema hapana, ataiweka. Akaiweka kwenye kabati la pili, maandishi yakitazama nje, ili waazimaji wajue wanaangaliwa. Lakini nilipofika mlangoni niligeuka, nikamwona ameichukua tena, anaisikiliza sikioni. Saa nzuri ile. Haipotezi hata nusu dakika kwa mwezi.

Saa kumi nimemwona Nashed akipita na bata hai kwapani, amefungwa utepe. Akaingia nyumba ya tatu. Alikaa dakika hamsini na mbili. Nilizipima kwa saa sita tofauti.

Sijala.

Ijumaa, 17 Februari

Nashed amekataliwa! Amekataliwa, amekataliwa! Nimeandika mara tatu na kila mara inazidi utamu.

Mtaa mzima umemwona akitoka na bata wake. Ametembea hivyo mpaka kwake, bata analalamika, yeye kimya. Nilimsalimia kutoka mlangoni. Nikamuuliza habari za sauti. Akaniambia nisicheke, Labib, kwani kuku wa kufugwa hachinjwi siku moja. Sijui maana yake hapa. Nadhani na yeye hakujua.

Nikakimbia maktabani kurudisha kitabu cha thelathini na moja. Insaf alikuwa peke yake, anapanguza makabati yaliyokwisha panguzwa. Nikasema nimesikia. Akasema mtaa huu unasikia kabla mtu hajasema.

Akanieleza bila mimi kuuliza. Nashed ana nyumba nzuri Minya mjini, ghorofa ya nne. Alisema kila kitu sawasawa. Kisha akauliza Mama Munir atakwenda wapi. Akasema anazijua nyumba za wazee, safi, masista wapole, na chakula ni cha moto. Insaf alimwacha amalize, kisha akamletea bata wake.

Akaacha kupanguza. Akanitazama moja kwa moja, jambo ambalo hafanyi. Akaniuliza mimi naonaje.

Nikafikiri vizuri kabla ya kujibu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi hata kidogo kuhusu Mama Munir kukaa wapi, kile kiti chake nilikitengeneza mwenyewe Jumanne na kitadumu miaka kumi.

Akashusha pumzi ndefu. Nadhani ilikuwa ya faraja.

Halafu akachukua Biblia ndogo kwenye kabati, akaifungua, akaweka utepe mwekundu mahali fulani, akanipa. "Ruthu," akasema. "Soma yote, Fundi. Sura nne tu. Karatasi inayokaa ndani ya boksi la dawa ni ndefu kuliko hiyo." Jumapili niende nikamwambie inaishaje. Kisha akasema, chini chini, kama anaongea na kabati, kwamba kuna mwanamume mmoja mle ndani aliyejua la kufanya, na hakukawia.

Nimefika nyumbani nikautoa utepe. Ni wake! Ulikuwa unafungia nywele, nimewahi kuuona. Una harufu ya sabuni ya mzeituni. Nimeuweka mfuko wa shati, upande wa moyo. Ulikuwa umewekwa sura ya ngapi sikuangalia. Nani angeangalia?

Sijawahi kuwa na furaha ya namna hii tangu nipange vile viti. Yaani kabla ya kupanga vile viti.

Jumamosi, 18 Februari

Nimesoma Ruthu! Mimi!

Sura ya kwanza nimeipita haraka, ni ile ya mama mkwe, nimeshaaibika nayo. Ya pili nzuri. Huyo mwanamume anaitwa Boazi, ana shamba la shayiri, mtu mzima, ana heshima zake, hajaoa kwa maelezo yaliyopo. Mimi kabisa. Ruthu anaokota masazo shambani mwake, naye anaamuru wamwachie mashuke makusudi. Mpole, huyu Boazi. Nilitokwa na machozi kidogo pale anapomwambia amesikia yote aliyomtendea mama mkwe wake tangu kufa kwa mumewe. Machozi yakaenda kwenye shingo. Sijui kwa nini pale.

Sura ya tatu! Hapo ndipo nimeruka kitini. Boazi anakula, anakunywa, moyo wake unachangamka, anakwenda kulala kando ya chungu ya shayiri, lundo la mavuno. Basi. Hafanyi kingine! Mwanamke mwenyewe anakuja, anafunua miguu yake, anajilaza, na mambo yanajipa. Kwa hiyo ndiye mwanamume aliyejua la kufanya. Kula, kunywa, kulala. Na kweli hakukawia.

Nimefunga kitabu hapo hapo. Mkakati ukishapatikana, kuendelea kusoma ni ulafi.

Nimekwenda kununua shayiri, magunia mawili. Muuzaji akaniuliza nimenunua punda. Nikasema hapana. Akauliza basi inakula nani. Nikasema ni mambo ya Maandiko. Akanifungia bila neno jingine.

Nimeimwaga dukani, katikati, chini ya saa za ukutani. Chungu inafika kiunoni. Inapendeza. Vumbi limeingia kwenye saa kumi na nne.

Jumapili, 19 Februari

Nisiruke kitu. Nisiruke hata kimoja.

Siku ya kuaga nyama. Samalut yote inanuka bata. Baada ya ibada dada yangu alinipa nusu bata na sahani ya wali. Nikala vyote, kwa kufuata andiko. Nikanywa sharubati ya tamarindi, moyo ukachangamka ipasavyo. Nikaosha miguu mara mbili kwa sabuni. Mlango wa duka nikauacha wazi, nikajilaza kando ya chungu, miguu nikaifunika taulo jeupe. Saa tisa alasiri, jua linaingia vizuri. Nikangoja nifunuliwe.

Nikalala kwelikweli. Bata yule alikuwa mkubwa.

Nikahisi taulo linaondoka. Mungu wangu! Sikufumbua macho mara moja. Nilitaka dakika ile idumu. Nikasema, kwa sauti ya Boazi, "Nani wewe?"

"Mimi, mwanangu," akajibu Mama Munir. "Njiwa wamekunyea."

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, ananipangusa kidole gumba kwa taulo. Njiwa wa jirani wamejaa juu ya shayiri kama kwenye karamu. Miwani yake imevunjika mkono, ameileta. Na mlangoni, jua likiwa nyuma yake, Insaf.

Nikakaa. Shayiri ikanitoka nywelani. Insaf akaitazama chungu, akaitazama miguu yangu, akaelewa. Niliona akielewa. Uso ukamwiva, akageukia saa za ukutani, mabega yanatikisika. Kisha akatulia. Akaniuliza kama nimesoma.

Nikasema nimesoma sana.

Mpaka mwisho?

Mpaka hapa, nikasema, nikionyesha chungu.

Akauliza, na baada ya hapo? Asubuhi yake, Boazi alikwenda wapi? Alisema nini, na mbele ya nani? Na mwisho kabisa, yule mtoto wa Ruthu, Naomi alimpakata wapi? Aliuliza taratibu, swali baada ya swali, kama anamshika mtu mkono kumvusha barabara. Nikamwambia hayo sijayafikia, lakini kwa upande wangu niko tayari kungoja nione. Mvumilivu hula mbivu.

"Nyingine huliwa na popo," akasema Mama Munir.

Insaf akacheka, na macho yakamjaa maji. Vumbi la shayiri, lina ubaya wake. Akatoka nje kungoja.

Mama Munir akanyanyuka kwa kunishika bega. Alikaa ameshika bega muda mrefu kuliko magoti yalivyohitaji. Akaniambia mimi ni mtu mwema, na kwamba yeye halali siku hizi akiwaza akifa leo msichana huyu atabaki na nani, na msichana halali akiwaza akiolewa yeye mzee atabaki na nani, na nyumba nzima hakuna anayelala. Nikasema pole sana, mama. Akafika mlangoni. Akasema, bila kunitazama, kama mtu anayesoma ukutani:

"Mtu huyo hatastarehe, asipolimaliza jambo hili leo."

Nikamwambia ondoa shaka, mama. Leo leo!

Na mimi si mtu wa maneno matupu. Nikakaa mezani papo hapo na miwani yake. Mkono mpya, skrubu mpya, nikasafisha na vioo mpaka ukaweza kusomea mawazo ya mtu. Kabla ya kengele ya jioni nikawa mlangoni kwao.

Alifungua Insaf. Amevaa gauni la kijani ambalo sijaliona tangu Munir afe. Nyuma yake meza imeandaliwa. Bata, wali wenye tambi, mkate uliochachishwa juani. Sahani tatu. Nikafikiri wana mgeni.

Nikampa miwani. Akaipokea bila kuitazama. Akaniuliza kama ni hilo tu lililonileta.

Nilikuwa nalo jingine, Mungu anajua, lilikuwa limesimama hapa, juu ya utepe. Miaka kumi na tisa limesimama. Lakini shayiri ilikuwa bado nywelani, na wana mgeni, na sikuwa nimepata mstari wa kuliunga mkono. Nikasema ndiyo, ni hilo tu. Bure, halina malipo.

Hakufunga mlango. Alisimama ameshika kitasa, akingoja, sijui nini. Ile saa yangu ya shaba ilikuwa rafuni nyuma yake. Kumbe ameitoa maktabani. Nikaisikia inahesabu. Nikamtakia mfungo mwema.

"Na wewe, Fundi Labib," akasema. Polepole, kama anavyoliandika.

Nimegeuka njiani mara mbili. Mlango ulikuwa bado wazi kidogo. Mgeni wao sikumwona akiingia.

Jumatatu, 20 Februari

Mfungo umeanza. Maharage, kitunguu, chumvi. Kikombe kimoja.

Asubuhi nimekutana na Abuna. Akauliza, kwa sura ya mtu aliyekaa jana na daftari wazi mpaka akachoka, kama nina la kumwambia. Nikamwambia mambo yanakwenda vizuri sana, na wiki hii nimejifunza kusoma Maandiko kwa mazingira yake. Akasema Pasaka iko mbali, Labib. Akasema Mama Munir hakuja kanisani asubuhi, magoti yamemzidi, na kwamba baba yake Insaf anatoka Beni Mazar wiki hii kuja kumchukua bintiye apumzike huko kidogo. Insaf mwenyewe anasemaje, nikauliza. Anasema hajui. Anasema kwanza amalize kupanga makabati.

Beni Mazar! Nimerudi dukani. Nikafunga mlango. Jambo kubwa kama hili halitaki papara, kawia ufike. Nikachukua Biblia yake ndogo, nikafumba macho, nikauomba utepe uniongoze, nikashusha kidole.

Sikuamini. Ruthu tena! Na ni mwisho wa sura ile ile ya tatu, chini kabisa ya ukurasa, mistari michache tu kutoka nilipoishia. Keti tu, mwanangu, hata utakapojua jinsi jambo hili litakavyokuwa.

Keti tu! Ningeweza kuambiwa waziwazi zaidi ya hivyo?

Nimeketi. Nimevuta kiti karibu na chungu ya shayiri, mahali ambapo mlango wa tatu unaonekana vizuri. Njiwa wamerudi. Utepe nimeuweka kwenye ukurasa huo, ili Insaf akiuliza tena nimwonyeshe nilivyosoma.

Mstari una kipande kingine, ng'ambo ya ukurasa, kabla sura ya nne haijaanza. Nimeuinua ukurasa kidogo nikachungulia. Ni kuhusu mtu fulani kutostarehe mpaka amalize jambo fulani leo. Ah, ni yale maneno ya Mama Munir, ya miwani. Hilo nimeshalimaliza.